UZI: Kinubi kwenye seshen za muziki wa Kiayalandi, chombo kipo kwenye kila sarafu ila kwenye kona ya baa kinatafuta pa kukaa

#1 Binti wa Chumbageni (mleta uzi)

Wakuu salaam. Nimekuwa msomaji wa kimya humu jukwaa la muziki mda mrefu, leo nafungua uzi maana kuna jambo limenijaa kifuani na huku nilipo sina mtu wa kuliongea naye kwa Kiswahili. Mimi mtu wa Tanga, niko Ayalandi mwaka wa saba, Kaunti ya Clare, nafanya kazi ya kutunza wazee, na mwaka wa nne huu najifunza kinubi. Kile chombo cha nyuzi kinachoegemezwa begani, mnakijua kwenye picha za Mfalme Daudi.

Kwa wasiojua seshen ni nini. Watu wanakaa duara kwenye kona ya baa, hakuna jukwaa, hakuna maiki, hakuna karatasi ya noti, mmoja anaanzisha tuni na wanaoijua wanaingia. Tuni nyingi zina sehemu mbili, kila sehemu inarudiwa, nzima inapigwa mara tatu hivi alafu bila kusimama wanaruka kwenye tuni nyingine, mbili tatu, hiyo ndo seti. Wenye fidla, filimbi za bati, filimbi kubwa za mbao, konsatina, akodioni, zile zumari za mfuko wanazopuliza kwa kiwiko badala ya mdomo, na wa kusindikiza mmoja, gitaa au bouzouki (chombo cha nyuzi kama gitaa, shingo ndefu), na ngoma ya ngozi ya mbuzi wanaita bodhrán.

Sasa mimi siku ya kwanza nikaenda na kinubi changu, nyuzi 34, kilo kama 12, nimekivalisha mfuko wake nimekibeba mgongoni kama mtoto. Ilikuwa Januari, baridi kali, nikaona nafasi karibu na moto wa mkaa nikashukuru Mungu nikakaa. Kosa la kwanza hilo. Nusu saa haijaisha nyuzi za juu zimehama, za kati zimehama, na kutyuni nyuzi 34 kwa ufunguo wakati watu wanapiga huwezi, hujisikii. Kosa la pili, sikujisikia hata zilipokuwa sawa, kwahiyo nikazidi kuvuta kwa nguvu, vidole vikaota malengelenge na nyuzi za besi zikaanza kuvuma vibaya. Kosa la tatu ndo kubwa na ndo sababu ya uzi huu. Mkono wa kushoto. Nilifundishwa kinubi ni chombo kamili, kulia tuni kushoto kodi (chords, noti kadhaa kwa pamoja), basi nikawa naangusha kodi nzito za vidole vitatu vinne kila mahali, na mwenye bouzouki pale pembeni ana kodi zake tofauti na zangu.

Mzee mmoja wa filimbi ya mbao akaniinamia tulipopumzika akaniambia mkono wako wa kulia unajua tuni, wa kushoto unaongea sana. Hakunisema vibaya, alisema taratibu kabisa, alafu akaninunulia soda. Lakini nililala nalo hilo neno.

Nataka tujadili hili: chombo kilichozoea kukaa peke yake kinawezaje kuingia kwenye muziki wa kundi bila kupotea na bila kuharibu? Nimepata majibu kiasi, nitayaweka, ila nataka kusikia na wenye vyombo vingine.

#2 Mkulima Hodari

Dada uzi mzuri. Ila nikuulize, kinubi si ndo nembo ya hao watu? Ndugu yangu alikuja na euro za huko zote zina kinubi mgongoni. Inakuwaje chombo cha taifa kiwe mgeni baa?

#3 Binti wa Chumbageni

Mkuu umegonga penyewe. Ni kweli, sarafu, pasipoti, barua za serikali, vyote vina kinubi, na kimechorwa kufuata kinubi kimoja cha zamani sana kilichopo Trinity College, Dublin, cha karne ya 14 au 15. Nilienda kukiona. Kidogo, hakinifiki hata kiunoni, mbao nyeusi kwa uzee. Vinubi vya aina ile sanduku la sauti lilichongwa kutoka gogo moja la mti wa mwerebi na nyuzi zilikuwa za shaba, zinapigwa kwa kucha ndefu. Sauti yake inalia kama kengele na inakaa hewani mda mrefu, kwahiyo mpigaji lazima ajue kuzima nyuzi kama anavojua kuzipiga.

Sasa kwanini ni mgeni. Wapiga vinubi walikuwa watu wa nyumba za machifu. Hawakuwa watu wa ngoma za harusi na mavuno, walikaa karibu na bwana, wanasindikiza mashairi ya kumsifu yeye na ukoo wake. Machifu wakubwa wa kaskazini walipanda meli wakakimbia nchi 1607, Waingereza wakachukua ardhi, na mpiga kinubi akabaki hana nyumba ya kumlea. Akawa mtu wa njiani, anahama jumba hili kwenda jumba lile. Maarufu kuliko wote ni Turlough O'Carolan, 1670 hadi 1738, ndui ilimpofusha akiwa na miaka 18, mama mmoja mwenye nyumba kubwa akamgharamia mafunzo alafu akampa farasi na mtu wa kumwongoza, akazunguka nchi hadi anazeeka, kila nyumba anayolala anatunga tuni kwa jina la mwenyeji. Zimebaki kama 200.

Mwezi wa 7 mwaka 1792 watu wa Belfast wakaona hawa wazee wanaisha, wakaita mkutano. Walikuja 10 wa Ayalandi na mmoja wa Wales, hebu fikirini nchi nzima 10, na wengi wao vipofu. Kijana mpiga kinanda wa kanisani, Edward Bunting, miaka 19, ndo alipewa kazi ya kuandika wanachopiga. Kati ya wote alikuwepo mzee Denis Hempson, ameshapita miaka 90, huyo peke yake bado anapiga kwa kucha kwenye nyuzi za shaba kama zamani. Kila nikisoma habari za yule mzee koo linakauka. Alifariki 1807 na mtindo ule ukakatika, waliopo leo wameufufua kwa kusoma maandishi na kujaribu.

Kilichofuata ni chombo kingine chenye jina lilelile. Fundi John Egan wa Dublin alitengeneza kinubi kidogo cha nyuzi za utumbo, kikaingia sebuleni kwa matajiri, baadae kwenye shule za masista, wasichana wanaimba wanajisindikiza. Na mda wote huo reel na jigi, muziki wa miguu, zilikuwa za fidla na filimbi na zumari jikoni kwa wakulima. Kinubi hakikuwepo jikoni mkuu. Hiyo ndo sababu.

Na hata seshen yenyewe ya baa sio ya kale kama watu wanavodhani. Ilikomaa London baada ya vita kuu ya pili, vibarua wa Kiayalandi wa mijengo wanaishi chumba kimoja watu wanne, wakitaka kupiga muziki wanakutania baa za Camden Town na kwingine. Alafu ikarudi nyumbani.

#4 Kanuni Unguja

Assalaam alaykum. Dada yangu umenigusa, mimi napiga kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa mapajani, kwenye taarab, Zanzibar mjini. Tatizo lako nalijua kwa jina lake. Kanuni nayo sauti ndogo, fidla tatu nne na akodioni vikiingia inamezwa. Lakini kwetu kuna adabu, kabla ya bashraf (kipande cha ala cha kufungulia) au kabla ya mwimbaji kufungua mdomo, kanuni anapewa taksimu, wenzake wote wananyamaza, anatembea peke yake kwenye makamu (ngazi ya sauti ya wimbo) anaonesha njia. Baada ya hapo hata akimezwa watu washamsikia, masikio yanamtafuta. Je huko hamna kitu kama hicho?

La pili, hiko kinubi chako kina shapu na flati vipi? Sisi tuna vibati vidogo vya shaba kushoto, chini ya nyuzi, unainua unashusha kwa vidole vya mkono wa kushoto huku wa kulia unapiga kwa pete yenye risha.

#5 Binti wa Chumbageni

Waalaykum salaam kaka. Nimefurahi mno umekuja. Kinubi changu ni cha leva, mfumo uleule wa kwako! Kila uzi una leva juu kwenye shingo, upande wa kushoto, ukiinua uzi unapanda nusu toni. Nyuzi za C nyekundu, za F nyeusi au bluu, ndo unajua uko wapi.

Wengi tunatyuni kwenye ngazi ya E flati leva zote zikiwa chini. Ukiinua leva za A, E na B unapata ngazi ya C. Ukiongeza F unapata G. Ukiongeza C unapata D, ukiongeza G ya mwisho unapata A. Na seshen inaishi kwenye D na G, kidogo A, na minor zake. Kwahiyo nikifika tu naweka leva za D na sigusi sana, shida inakuja seti ikitoka D ikaruka G, lazima C zote nilizozitumia zishuke kati ya noti ya mwisho ya tuni moja na noti ya kwanza ya ijayo. Hakuna pumzi hapo kaka. Kinubi changu C zipo tano, kwenye tuni yenyewe nahitaji mbili.

Mwaka jana nilishusha moja nikasahau ya juu yake. Tuni ya G imepanda vizuri sehemu ya kwanza, wote tumo ndani, ikafika sehemu ya pili inakwenda juu ikatoka C shapu safi kabisa, na kinubi hakina huruma, uzi ukishapigwa unaendelea kulia mpaka uuzime. Dada wa fidla aligeuka. Nikaweka kiganja kwenye nyuzi nikanyamaza mpaka seti ikaisha.

Nilichojifunza pale kinaungana na neno la yule mzee. Mkono wa kushoto ukiacha kuongea sana unapata mda wa kwenda kwenye leva. Siku hizi mara ya tatu ya tuni ya D ikianza, mkono wa kushoto nautoa kabisa kwenye nyuzi, napandisha juu, kidole kiko tayari kwenye C. Naangalia miguu ya anayeongoza, akinyanyua kisigino tofauti au akiniangalia najua tunaruka.

Kuhusu taksimu, ipo kwa namna yake. Usiku ukishakaa mtu anaweza kuambiwa tupigie kitu, hapo baa nzima inashushwa, hata mhudumu anaacha kuosha glasi. Kinubi wanapenda kukiomba tuni ya polepole au mojawapo ya Carolan. Sikuwahi kufikiria kama taksimu. Umenipa kitu cha kufikiria kweli.

#6 Fundi Gitaa

Mi naona mnajitesa. Weka pickup (kinasa sauti cha kwenye chombo), nunua amp (kikuza sauti) ndogo ya betri, mambo yameisha. Na kuhusu kodi, kama una uwezo wa besi na kodi mwambie wa gitaa apumzike, wewe una vyote viwili.

#7 Binti wa Chumbageni

Mkuu nakuelewa ila hapana. Ukiweka amp kwenye duara ambalo kila mtu yuko bila umeme unakuwa umewanyanyulia sauti wenzako, watakuvumilia siku moja. Kwenye shoo sawa, wengi wanafanya hivo.

Na kodi, seshen nyingi zinataka msindikizaji mmoja, kwa sababu hizi tuni hazina kodi zilizoandikwa. Sehemu moja gitaa anaona E minor mimi naona G, wote tuko sahihi, tukipiga pamoja inakuwa matope. Aliyetangulia kukaa ndo mwenye nafasi, wa pili anaomba au anasubiri. Kama hakuna gitaa wala bouzouki usiku ule, hapo kushoto kwangu kunafunguka na ni raha isiyosemeka.

Alafu kuna jambo la mlio. Fidla ikimaliza noti, noti imekufa. Kinubi noti kumi za nyuma bado zinaishi, na reel ina noti nane kwenye kila mizani, ukiziachia zote zinakuwa wingu. Ndio maana watu waliona miaka yote kinubi hakiwezi muziki wa dansi, mpaka miaka ya 1970 Máire Ní Chathasaigh, binti wa Bandon kule Cork, akakaa akatengeneza vidole vya kupigia mapambo ya zumari na fidla kwenye kinubi. Chukua tripleti tu: noti moja mara tatu kwenye uzi uleule, kidole cha tatu, cha pili, dole gumba, haraka, kila kidole kinachofika kinaukata mlio wa kilichotangulia. Ikikaa sawa inatoka kama punje tatu za mahindi zinaanguka kwenye sufuria, kavu, tk-tk-tk. Mimi ilinichukua miezi mitano na bado siku za baridi inagoma. Baadae wakaja kina Laoise Kelly wa Mayo, huyo besi yake inatembea kama ngoma, akawa mwanamuziki wa mwaka wa tuzo za TG4, televisheni ya lugha ya Kiayalandi, mwaka 2020. Sikilizeni huyo mama alafu mniambie kinubi ni chombo cha kulalia usingizi. Na 2019 UNESCO wakaingiza upigaji wa kinubi cha Ayalandi kwenye orodha yao ya urithi.

#8 Jaduong wa Siaya

Habari zenu wadau. Mimi ni wa nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, nyuzi nane. Nimesoma hapo kwa Carolan nikacheka kwa furaha, huyo ni mtu wetu kabisa! Mpiga nyatiti akija kwa matanga au sherehe anakutaja jina, anataja babako, anataja kijiji yenu, na wewe unatoa pesa. Lakini nyatiti ina kitu kinubi chako haina: mguu. Nakaa chini kwa kigoda, kidole cha mguu kina pete ya chuma inagonga mbao ya chombo, na njuga ziko mguuni. Kwa hivyo hata uwe na sauti ndogo, mdundo ni wangu, watu wananifuata. Wewe dada mdundo unapata wapi, ama unafuata tu?

#9 Binti wa Chumbageni

Ero kamano jaduong. Swali lako zito, nimekaa nalo tangu asubuhi kazini.

Nilikuwa nafuata tu, na ukifuata tu kwenye reel umeshachelewa, kwa sababu uzi wa kinubi unatoa sauti pale unapouachia, fidla yeye upinde unasukuma. Sasa hivi kushoto nimekuacha na noti moja. Moja tu! Uzi mmoja wa besi, D au G, kwenye pigo la kwanza, alafu nauzima kwa kiganja kabla haujanyooka. Dum, kimya. Dum, kimya. Nikifanya hivyo mguu wa dada wa fidla unakuja pale pale kwenye noti yangu, naona kabisa kiatu chake. Hapo ndo nimejua nami nasikika hata kama wa meza ya pili hasikii kinubi. Labda hiyo ndo pete yangu ya mguu.

#10 Mtoto wa Likoni

Salamu dada, mimi niko Glasgow napiga fidla kwenye seshen mwaka wa kumi. Nitasema tofauti kidogo kwa heshima. Kinubi kinakula nafasi ya watu wawili, baa zenyewe vichumba, na mara nyingi anayekileta hajui tuni za kutosha kwa sababu amesoma kwa noti nyumbani. Anaketi masaa matatu anapiga tuni nne. Mwenye filimbi asiyejua tuni anaiweka mapajani anasikiliza, wa kinubi anatafuta-tafuta kodi. Nimeona mara nyingi. Chombo hakina kosa.

#11 Binti wa Chumbageni

Kaka umesema kweli na nilikuwa hivohivo, tuni nilikuwa nazo kama 15 na zote kutoka kitabuni. Ziko tofauti na zinavyopigwa hapa Clare, huku polepole zaidi, zina bembea fulani. Niliacha kitabu. Narekodi kwa simu, kwa ruhusa, nikiwa zamu ya usiku naweka sikio moja, tuni moja wiki nzima, naimba mdomoni kwanza, nikishaweza kuimba ndo nakaa kwenye nyuzi. Sasa ninazo kama 90 na usiku mmoja naingia nusu ya zinazopigwa. Nusu nyingine naweka viganja viwili kwenye nyuzi nasikiliza, na ninasema kwa dhati, hiyo nusu ndo nimejifunzia.

Nafasi, kweli inauma. Natangulia mapema, nakaa ukutani, mbali na moto na mbali na mlango, natyuni nikiwa peke yangu alafu tena baada ya nusu saa chumba kikishapata joto la watu. Ukuta nyuma yangu unanirudishia sauti najisikia. Na nakaa bega kwa bega na fidla inayoongoza, sikai tena pembeni mwisho.

Jumatano iliyopita nilichelewa, zamu ilirefuka, nikafika duara limejaa nikataka kugeuza. Yule mzee wa filimbi aliponiona mlangoni akainuka, akavuta kiti chake akasogea upande wa moto, nafasi ya ukutani ikabaki wazi. Hakusema neno, akaendelea na tuni. Nikatyuni kwenye korido, nikaja nikakaa, D ya chini moja, nikazima.

#12 Kanuni Unguja

Dada turekodie basi tusikie hiyo D.

#13 Binti wa Chumbageni

Jumatano nitawaomba ruhusa kaka. Wakikubali naweka humu, ila uvae headphone maana ni besi moja tu ndani ya fidla mbili.